Kusaidia watoto wenye shida mkiwa familia: anzeni na yule wa nyumba ya tatu

Mwaka juzi mwezi wa kumi na mbili mi na mzee na wanetu watatu tulibanana kwenye bajaji na maboksi yetu, sabuni za miche, biskuti, juisi za pakiti na madoli mawili, tunaenda kituo kimoja cha kulelea yatima huku upande wetu wa Temeke, watoto wamevaa nguo za sikukuu kabisa. Tumefika, wale watoto wa pale wakapangwa mstari, wakatuimbia wimbo wa kushukuru, tukapiga picha, mlezi akatoa hotuba, mzee naye akatoa hotuba (hakuna aliyemuomba). Ile tunatoka getini kitindamimba wangu, ana miaka sita, akanivuta gauni, mama yule kaka ameniambia sisi ni watu wa tatu leo. Nikageuka. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, sabuni zimepangwa mpaka usawa wa dirisha, biskuti ndo usiseme. Mwezi wa tatu nikapita pale pale kwenye mizunguko yangu nikakutana na mlezi yule yule, akaniuliza kama naweza kumpatia japo kilo kumi za unga. Sabuni bado zipo, chakula hamna.

Toka siku hiyo tumebadili namna, na hapa naandika tunavyofanya sisi nyumbani, familia ya kawaida tu, mi nauza vitenge, mzee fundi umeme, hela zenyewe za kubangaiza. Mwenye nazo nyingi na asome pia, ila nilikuwa namuwaza zaidi yule anayesema nikipata nitasaidia, kila mwaka nikipata nitasaidia, na watoto wanakua.

Mjue ni mtoto gani kwanza

Usianze na hela. Kaeni mkekani baada ya chakula cha usiku muwaulize wanenu, darasani kwenu nani hana sweta, nani mapumziko anabaki darasani wenzake wakienda kununua mihogo, nani anarudishwa nyumbani kila mara. Watoto wanajua kila kitu na hawajui kuficha. Wa kwangu wa kati alinitajia majina manne bila hata kufikiri, akamalizia na yule wa nyumba ya tatu, mama, huwa anakuja shule na ndala anasema anaumwa kidole. Kidole gani kinauma mwaka mzima? Mi nilikuwa napishana na huyo mtoto kila asubuhi na sikuwahi kumwangalia miguuni.

Wengine wanaojua ni mwalimu wa darasa, mjumbe wa nyumba kumi, watu wa jumuiya kwa mlio Wakatoliki maana wanazunguka nyumba kwa nyumba, ustadhi wa madrasa, na afisa ustawi wa jamii ambaye yupo kwa ajili hiyo hiyo, anzia ofisi ya kata watakuelekeza, wengi wetu tunapita hapo kila siku tukidhani ni mambo ya kodi tu.

Sasa ukishamjua usimfuate mtoto. Usimpe hela njiani, usimuite pembeni, usimwambie njoo nyumbani ntakupa viatu. Hata kama nia yako ni nyeupe kama maziwa, unamzoesha mtoto kwamba mtu mzima asiyemjua anaweza kumpa kitu kwa siri, na mwingine mwenye nia mbaya atakuja kupita njia hiyo hiyo uliyoichonga wewe. Nenda kwa mtu mzima wa ile nyumba.

Mi nilienda na mjumbe, jioni, mikono mitupu makusudi. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, karibuni. Akatutolea vigoda viwili, yeye akarudi mkekani kwenye ungo wake wa karanga, anazipima kwa kifuniko cha chupa anafunga kwenye vifuko vya mia mia. Nikazunguka weee, habari za joto, habari za maji kukatika, mwisho nikasema bibi naona wajukuu wako wanasoma na wanangu, tulikuwa tunaomba tushirikiane kidogo mambo ya shule. Akanyamaza. Kifuniko akakiweka chini.

"Unataka kumchukua?"

Sikuelewa. Mjumbe ndo akanifafanulia tukiwa tumetoka, kumbe kabla yangu alishakuja mama mwingine na maneno matamu hayo hayo, akaondoka na mjukuu mkubwa wa kike kwamba anaenda kumsomesha mjini kati, mtoto ana miaka 13, akaishia kuosha vyombo na kubeba mtoto wa watu mgongoni, shule hakuigusa, mpaka mjomba wake alipomfuata. Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi, mtoto ni mtu chini ya miaka 18 na kazi hata ile nyepesi haitakiwi kabla ya 14, wala isimzuie shule, lakini nani anaenda kukagua jikoni kwa watu. Kwahiyo ukipiga hodi kwa mtu jua kwamba neno kusaidia lilishatangulia kabla yako na pengine liliharibu. Sema mapema kabisa kwamba mtoto anabaki kwao.

Bibi alitukubalia siku ya tatu ya kwenda. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi.

Kibubu

Hela yetu inatoka kwenye kibubu. Tulichongesha kwa seremala, kile cha mbao chenye kitundu tu juu hakifunguki mpaka ukivunje, maana kopo la maziwa la mfuniko tulishalijaribu na lilikuwa linafunguliwa kila gesi ikiisha. Kila Ijumaa jioni kila mtu anatumbukiza jero, yaani mia tano. Tuko watano, ni 2,500 kwa wiki, mwaka mzima 130,000, na hapo hujaona hela ya chenji ya daladala ambayo mzee anamwaga humo akiwa na raha. Watoto watumbukize ya kwao wenyewe, sio wewe uwawekee. Wa kwangu mkubwa anauza barafu za ukwaju mtaani likizo, jero yake inatoka hapo, na ndo maana siku ya kuvunja kibubu anahesabu kuliko sisi wote. Kitindamimba hana biashara yoyote kwahiyo anafanya kazi, akikusanya chupa za maji tupu tukampelekea wa makopo anapata mia mbili tatu, zikijazwa kidogo na baba yake inatimia.

Tunavunja mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Kwanini mapema hivyo? Kwa sababu shule zinafunguliwa Januari, na Januari kila fundi cherehani ana foleni na kila muuza viatu ameshajua una shida. Novemba utapewa bei ya kibinadamu.

Sare, hapa ndo pa kutulia

Kuna watu wakisikia mtoto hajaenda shule wanasema mzazi mzembe, si shule bure siku hizi? Ada ndo bure. Toka Januari 2016 hakuna ada mpaka kidato cha nne, na 2022 wakaongeza cha tano na cha sita, jambo kubwa sana na mi naipongeza serikali kwa hilo, ila hakuna siku sare ilitangazwa bure, wala daftari, wala begi, wala kiatu. Bibi wa karanga za mia mia ana wajukuu watatu, piga hesabu mwenyewe ni vifuko vingapi mpaka vipatikane viatu jozi tatu.

Mnaponunua:

Mtoto aende akapimwe, na bibi au mama yake awepo. Usikisie kwa kumwangalia mwanao eti wanalingana, mi nilikisia mwaka wa kwanza, sketi ikamwishia chini ya magoti sana akawa anachekwa, bora angebaki na ya zamani.

Mwambie fundi aache upindo mpana chini na kwenye kiuno, vidole vinne hivi. Mtoto akirefuka unaushusha, sketi moja inakwenda miaka miwili. Fundi akisema kitambaa kitazidi bei, lipa, bado ni rahisi kuliko sketi mpya.

Viatu viongezwe namba moja tu. Namba mbili mtoto anaburuza miguu na soli inaisha miezi mitatu. Soksi jozi mbili, kwa sababu jozi moja ikifuliwa usiku wa mvua asubuhi haijakauka ndo unamkuta na ndala tena.

Na chupi. Watu wananunua begi la kumeta meta lenye katuni wanasahau chupi. Mpya, tatu kwa uchache, sio za mtumba maana hizo hata TBS walishapiga marufuku zamani. Mpe bibi mkononi zikiwa chini kabisa ya mfuko, usizitoe mbele ya mtoto na wanao wakitazama.

Daftari nunua kwa orodha ya mwalimu. Mi nilishawahi kubeba kaunta buku sita za mtoto wa darasa la pili, mwalimu akacheka akasema mama huyu anataka za mistari mipana.

Nguo za nyumbani tunazotoa, zile ambazo wanetu zimewabana, tuna kipimo kimoja tu nilichopewa na mama yangu: je ungemvalisha mwanao Jumapili? Kama haifai kanisani kwa mwanao haifai kwa wa mwenzio, ifanye dekio. Fua, piga pasi, rudisha vifungo. Na wanao wachague wenyewe cha kutoa, usiwanyang'anye. Mwaka wa kwanza wa kati alitoa gari lisilo na matairi, nikamuuliza ungepewa wewe ungelichezea vipi, akaondoka nalo kimya. Aliyoyaleta baadaye siyasemi hapa maana mzee aligombana na mi kuhusu huo mpira kwa wiki nzima.

Chakula na vile vidogo vya kila mwezi

Sisi Temeke huku Waislamu na Wakristo tumechanganyika, na nimejifunza mengi kwa majirani. Fitri kwa mfano, kila kichwa cha nyumba hata mtoto mchanga anatolewa pishi ya chakula, yaani vibaba vinne, na inafika kwa mwenye shida kabla ya sala ya Idi ili naye sikukuu imkute na chungu jikoni. Mi Mkristo lakini hesabu ya kichwa kwa kichwa niliipenda, tukaichukua: kila mwezi kila mmoja wetu ana kibaba chake kwa nyumba ya bibi, mchele au maharage au dona, vibaba vitano, watoto wanapima wenyewe kwa kopo, wa kwangu mkubwa anapunja kidogo namuona.

Kama shule yenu wana uji au makande na wazazi wanachangia, nenda kwa mwalimu mkuu au kamati ya shule ulizia watoto ambao hawajalipiwa, lipia mmoja muhula mzima, dai stakabadhi, na omba jina lako lisitajwe mstarini. Mtoto akijua nani kamlipia atakuwa anakunywa uji huku anamwangalia mwanao.

Mabinti wakubwa usiwasahau taulo za kike. Mwaka 2018 waliziondolea VAT, mwaka uliofuata ikarudishwa kwa hoja kwamba madukani bei haikushuka, basi sisi tunaonunua tukabaki pale pale. Binti akikosa anakaa nyumbani siku nne tano kila mwezi, jumlisha mwaka mzima uone. Pakiti moja kila mwezi, au zile za kufua ambazo ukinunua mara moja zinakaa muda mrefu ila lazima nyumbani kuwe na maji na mahali pa kuanika bila aibu. Apelekewe na mama, shangazi au mwalimu wa malezi. Baba unaruhusiwa kununua, kubeba mwenyewe kumkabidhi binti wa watu, hapana.

Msaada usio na hela

Mjukuu mdogo wa bibi yuko darasa la tatu na nilipomuita asome gazeti la kufungia karanga alikuwa anabahatisha. Toka 2015 darasa la kwanza na la pili wana mtaala wa KKK, kusoma kuandika kuhesabu, ila darasa lina watoto wengi na mwalimu ni mmoja, wengine wanapita bila kushika. Tulichofanya, jioni baada ya kuoga anakuja barazani kwetu, wa kwangu wa kati anamsomesha dakika ishirini. Sio mimi, ni yeye. Mtoto kwa mtoto hawaoneani haya, na huyu wangu aliyekuwa anakimbia vitabu sasa anaandaa somo usiku, ananiuliza mama neno ng'ombe namfundishaje. Miezi mitano. Juzi mdogo alisoma tangazo la kupotea kwa cheti lote mpaka namba ya simu.

Jumamosi moja moja tunawachukua wote maktaba kuu pale Barabara ya Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere 1967, kuna sehemu ya watoto. Nauli ni yetu. Bibi lazima ajue tunarudi saa ngapi, na hatuchukui mtoto mmoja peke yake, wanaenda wawili au wote. Hilo nalishikilia sana, ni ulinzi wake na ni ulinzi wenu.

Wakubwa mna kitu kingine cha kutoa, damu. Wodi za watoto zinatumia damu nyingi mno, malaria kali inamaliza damu ya mtoto haraka, na selimundu pia, ile sikoseli, hapa nchini wanazaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka na selimundu, Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza. Uwe na miaka 18 na kuendelea, kilo 50 na zaidi, mwanaume kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Sisi tunakwenda na watoto wakae kwenye benchi waone, mzee ambaye anapanda nguzo za umeme bila wasiwasi akiona sindano anageukia ukutani, watoto wanacheka mpaka nesi anawafukuza. Damu haiuzwi, ukiambiwa ulipie chupa kwa mtu pembeni kataa.

Zile picha za kwenye magrupu ya Wasap

Zinakuja kila wiki, mtoto amelala ana mirija puani, chini namba ya simu na "tuma chochote ulichonacho". Zingine za kweli. Zingine picha ya miaka minne iliyopita mtoto mwenyewe alishapona. Dawa yake ndogo tu: muulize anayechangisha mtoto yuko hospitali gani wodi gani, kisha omba kumbukumbu namba ya malipo, ile tunaita kontrol namba, ya bili yake. Hospitali za serikali zinatoa, unalipia kwenye simu yako na hela inaingia hospitali moja kwa moja. Mkweli atakutumia siku hiyo hiyo, tapeli atakwambia mtandao uko chini. Pia hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, ndo wanaowajua wazazi waliokwama wodini miezi hawana hata nauli ya kurudi mkoani. Nauli ya basi kwenda Kigoma au Bukoba hakuna mtu anaichangia kwa sababu haina picha ya kusikitisha.

Na wewe usipige. Kama ni mtoto wa watu, sura yake na shida yake sio stetasi yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo toka 2022, ila hata bila sheria, mtoto atakuwa mkubwa, ataomba kazi, ataposa, na ile picha anapokea ndoo ya unga itakuwa bado inazunguka. Tulizipiga siku ile ya bajaji, nimeshazifuta zote ila kwa shemeji yangu bado zipo amegoma.

Kama roho yako inakupeleka kituoni tu

Nenda, sisemi usiende. Ila piga simu kwanza uliza mmekosa nini, na ukubali jibu hata kama ni bili ya maji au nauli ya kliniki. Omba kuona cheti cha usajili, makao ya watoto yanatakiwa kusajiliwa na Ustawi wa Jamii, wenye chao hawakasiriki kuulizwa. Nenda miezi ambayo hawapati wageni, wa pili wa tatu, wa nane. Waambie watoto wasipangwe mstari wala wasiimbe. Usimwahidi mtoto utarudi kama hujui tarehe, wanahesabu. Na jua kwamba wengi wa walioko kwenye vituo sio kwamba hawana mtu kabisa, wana mama mgonjwa, baba, bibi, shangazi aliyezidiwa, na zile kilo ishirini za unga na sare alizokosa bibi ndo zilizompeleka mtoto kule. Hapo ndo utaona kwanini narudi rudi kwenye nyumba ya tatu.

Kuna wenye nafasi ya zaidi, wanataka kuishi na mtoto. Hiyo ni malezi ya kambo au kuasili, inapitia kwa afisa ustawi wa jamii na mahakama kwa kuasili, usikubali kupewa mtoto kienyeji kwa karatasi ya mjumbe. Na ukiona mtoto anapigwa, anatumikishwa, au kuna jambo huwezi hata kulitamka, piga 116, bure, usiku na mchana, sio lazima ujitaje.

Wale wa kijijini

Hawa nimewaacha mwisho kwa sababu hapa nilifeli. Kwetu ni Singida, huko ndo kuku wenu wote wa kienyeji wanatoka, nikatuma hela kwa mama anunue mitetea mitano na jogoo ampe mama mdogo mmoja mjane mwenye watoto wanne, mayai wale, vifaranga wauze, daftari zipatikane. Nikajiona mjanja. Kiangazi mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukapita, wakafa wote sita kwa wiki moja. Kuku bila chanjo ni kutupa hela, chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni kila miezi mitatu, chupa moja inatosha kuku wa mtaa mzima kwahiyo majirani wachangie siku moja wachanje pamoja, na ukishaifungua haikai. Mara ya pili nilituma wanne, hela ya chanjo ikatangulia kwa bwana mifugo kabla ya kuku. Sasa hivi wako kama thelathini na mbili, na makubaliano ni kwamba akifikisha hapo anatoa mitetea minne kwa nyumba nyingine, kama ile kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Ameshatoa miwili, miwili anasubiri ilalie kwanza, na mi siwezi kumbishia maana kuku anawajua yeye.

Jambo la mwisho linawashinda wengi, mimi nikiwemo. Siku moja bibi wa nyumba ya tatu alimtuma mjukuu na bakuli, ndani kuna matembele amechuma nyuma ya choo chake, fungu kubwa, juu kaweka ndimu mbili. Nikataka kurudisha, nikasema mwambie bibi asante ila ale na nyie, jamani si mna shida. Mzee akanikata jicho. Akalipokea lile bakuli kwa mikono miwili akamwambia mtoto mwambie bibi tumeshukuru sana, leo tulikuwa hatuna mboga. Uongo, tulikuwa na dagaa.

Sasa yanakuja karibu kila wiki. Tunachambua, tunapika kwa nazi, na bakuli huwa halirudi kwao tupu, jana limeondoka na chapati nne, kitindamimba ndo kalipeleka, karudi nalo lina karanga.